Kulifuata neno la mkopo hadi lilikotoka

Maelezo ya asili ya maneno yanayosambaa haraka kuliko yote Tanzania ni yale yanayosema kwamba serikali ni "siri kali". Yanavutia kwa sababu sarufi yake haina kasoro na yanaonekana kusema jambo la kweli kuhusu watawala. Hata hivyo hayasimami. Neno ni la Kiajemi, sarkar: sar ni kichwa, kar ni kazi, yaani mkuu wa shughuli. Lilienea Bara Hindi kwa maana ya mamlaka, na huko hadi leo serikali huitwa sarkar. Maandishi ya zamani ya pwani yetu yana serkali, bila irabu kati ya r na k. Irabu hiyo imeingizwa na Waswahili wenyewe ili konsonanti mbili zisigongane, kisha r ya mwisho ikageuka l na kupewa i ya kufungia. Ukishaona umbo la serkali, "siri" haina pa kushika.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu lina somo ambalo kazi hii ya kutafuta asili ya maneno hulirudia kila siku: kufanana si ushahidi. Ushahidi ni sauti, njia na tarehe. Sauti zieleze kila herufi ilivyopata kuwa ilivyo. Njia ionyeshe nani alikutana na nani, wapi, na kwa shughuli gani. Tarehe ionyeshe kwamba neno lilikuwapo wakati unaodai lilikopwa. Kimoja kikikosekana, bado una dhana tu.

Kabla ya kufungua kamusi ya lugha yoyote ya kigeni, andika neno la Kiswahili kikamilifu: umoja wake, wingi wake, upatanisho wake, na linavyotamkwa Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na bara. Wengi huruka hatua hii na ndipo wanapopotea, kwa kuwa wanatafuta asili ya umbo ambalo Kiswahili kimeshalifinyanga. Baada ya hapo vua ulichovishwa. Vua viambishi kwanza. Katika usafirishaji, kilichokopwa ni safir tu; u-, -ish- na -aji ni mali yetu. Katika azimio, mwisho -io ni wa Kibantu uliopachikwa kwenye kitenzi cha Kiarabu.

Halafu vua irabu. Maneno ya Kiswahili huishia irabu, kwa hiyo neno la kigeni linaloishia konsonanti huongezewa moja. Haichaguliwi ovyo. Baada ya konsonanti za midomo, yaani b, p, m na f, mara nyingi huja u: kitabu, hesabu, elimu, salamu. Baada ya nyingine huja i: wakati, riziki, habari, bahari. Kanuni hiyohiyo iliyofanya kazi kwa Kiarabu karne nyingi zilizopita imefanya kazi kwa Kiingereza: timu, fomu, klabu, filamu na stempu upande mmoja, benki, koti, shati, basi na risiti upande wa pili. Zipo zinazoivunja, kama magharibi, na ikiwa silabi iliyotangulia ina u huwa inaivuta u nyingine, kama shukuru na abudu. Irabu za katikati nazo ni za kutilia shaka: ilm imekuwa elimu, rizq imekuwa riziki, waqt imekuwa wakati, bahr imekuwa bahari. Ukiziondoa, mzizi wa konsonanti tatu hujitokeza, na kamusi za Kiarabu za jadi hupangwa kwa mizizi hiyo. Kitabu, katibu, maktaba, mkataba na katiba utavikuta vyote chini ya k-t-b. Asiyejua hilo hutafuta maktaba kwenye herufi m na kurudi mikono mitupu.

Hapo kuna tatizo ambalo lazima ulizoee. Kiswahili kimeziunganisha sauti ambazo Kiarabu kinazitenganisha. K yetu inaweza kuwa herufi ya Kiarabu iitwayo kafu, kama katika kitabu, au qafu, kama katika kalamu. S inaweza kuwa sini au swadi. H ina milango mitatu: he nyepesi, he ya kooni, na khe, kwa kuwa khabari na khatari za maandishi ya zamani ndizo habari na hatari za leo. Aini, herufi nyingine ya kooni, imetoweka kabisa katika umri na saa. Kwa hiyo neno moja la Kiswahili lenye h na k lina mizizi kadhaa ya kuchunguza, na ukiishia kwenye wa kwanza unaofanana utaandika uongo. Pitia yote, kisha maana ndiyo iamue.

Sauti pia hukataa, na hapo ndipo zinapofaa zaidi. Kiarabu fasihi hakina p. Neno lenye p katika Kiswahili, ambalo mtu anadai limetoka moja kwa moja katika Kiarabu, linahitaji maelezo ya ziada. Pilipili huhusishwa na filfil ya Kiarabu, lakini filfil ingetuachia filifili; p inaelekeza njia ya Kiajemi na Kihindi, ambako p ipo. Ch ni shahidi dhaifu kidogo, maana baadhi ya lahaja za Ghuba zinayo. Bado chai inafuata umbo la Kiajemi na Kihindi, si shai ya Kiarabu sanifu. Upande wa pili, dh, th na gh katika Kiswahili sanifu karibu kila mara ni alama ya Kiarabu: dhahabu, thamani, ghali, lugha.

Tahadhari moja kwa wanaosoma miswada. Barua za Kiswahili za Kilwa zilizohifadhiwa Goa, Bara Hindi, za mwanzoni mwa karne ya 18, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika mwandiko huo p mara nyingi huandikwa kwa be, yaani herufi ya b, na irabu e na i, o na u, hazitenganishwi. Kutokuwapo kwa p kwenye karatasi hakumaanishi kwamba haikuwapo mdomoni.

Jambo linaloniridhisha kuliko yote katika kazi hii ni kuona jinsi sikio la Mswahili linavyoliingiza neno geni katika ngeli. Kitab ya Kiarabu haina kiambishi chochote. Ki- ni sehemu ya neno lenyewe. Sikio letu lilisikia ki-, na mara moja kukawa na vitabu. Wale wanaodhani jambo hilo lilikwisha zamani waangalie barabara za Tanzania, ambako maandishi ya Kiingereza yanayomwagiza dereva ashike kushoto, keep left, yalizaa kipilefti, yaani mzunguko wa barabara, na vikiwa viwili ni vipilefti. Bamba la kuzuia matope kwenye gari, mudguard kwa Kiingereza, likawa madigadi. Ma- ikasikika kama ya wingi, na lililo moja likaitwa digadi. Mu'allim ilianza na mu-, ikaingia ngeli ya watu bila shida: mwalimu, walimu. Waqt, waraqa na wire ya Kiingereza zote zilianza na wa-, zikachukuliwa kama u- iliyokutana na a-, sawa na wimbo na nyimbo. Ndiyo maana tuna nyakati, nyaraka na nyaya. Lakini waziri na wakili hawakufuata mkondo huo, kwa sababu ni watu wenye cheo, na wenye vyeo waliokopwa huchukua ma-: mawaziri, mawakili, marais, maofisa.

Duka lina historia nzuri zaidi. Kiarabu ni dukkan. Neno lilipoingia lilikuwa na n ya mwisho na irabu ya kufungia, dukani, na kwa kuwa ni mahali, -ni ilisikika kama ile ya nyumbani na sokoni. Ikaondolewa, ikabaki duka. Linganisha na sahani, shetani na mizani, ambazo si mahali na zimeitunza n yao. Bustani ni mahali na bado imeitunza, kwa hiyo usiigeuze kuwa sheria. Ni mwelekeo wa sikio, na kila neno lina safari yake.

Ngeli zinaendelea kutuchanganya hata leo. Je, ni makala hii au makala haya? Kiarabu maqala ni umoja, na wanaosema makala hii wanaliweka katika ngeli ambako majina mengi ya mkopo hukaa. Wanaosema makala haya wamesikia ma- na kuitii. Pande zote mbili zimo katika uandishi wa watu wanaojua lugha. Mhariri achague moja na ashikamane nayo katika chapisho zima. Asimwite mwingine mjinga.

Sasa njia. Kosa la kawaida ni kuruka hadi kwenye chanzo cha mbali kabisa na kusahau aliyetukopesha. Sukari ina mizizi katika Kisanskriti, lakini Waswahili hawakukopa kwa Wasanskriti. Walikopa sukkar ya Waarabu. Ingizo la kamusi lenye manufaa hutaja kwanza lugha ya mwisho iliyogusana na Kiswahili, kisha ndipo lipande juu. Na mkopeshaji huyo mara nyingi hutambulika kwa ramani. Tanzania Bara husema shule, Unguja na Pemba husema skuli. Shule ni Schule ya Kijerumani, iliyopokewa karibu ilivyo. Skuli ni school ya Kiingereza iliyofungwa kwa i. Wajerumani walitawala Tanganyika hadi Vita ya Kwanza ya Dunia, ilhali Zanzibar ilikuwa chini ya Waingereza tangu 1890. Kenya nayo husema shule ingawa haikuwa koloni la Ujerumani, kwa sababu neno likishaingia katika Kiswahili husafiri na Waswahili na vitabu vyao, halimngojei mtawala.

Fedha zinaonyesha vilevile. Pesa wengi huihusisha na peso ya Kihispania. Asili yake ni paisa ya Bara Hindi, sarafu ndogo ya rupia, na rupia moja ilikuwa paisa 64. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipotengeneza sarafu zake kuanzia 1890 iliufuata mpango huo, pesa 64 kwa rupia. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa: rupia moja ikawa Heller 100. Mwisho -er wa Kijerumani husikika karibu na a, nasi tukapata hela. Wajerumani waliondoka, shilingi ikaingia 1921, Heller ikatoweka sokoni, lakini hela imebaki mdomoni kwa Watanzania kwa maana ya fedha yoyote. Hapa sauti, njia na tarehe zimekubaliana, na ingizo kama hilo unaweza kuliandika bila alama ya kuuliza.

Maneno hayaji peke yake. Huja kwa mafungu, kwa shughuli iliyoyaleta. Ukipata neno moja lenye shaka, tafuta wenzake katika shughuli hiyohiyo. Wacheza karata wa pwani wana kopa, uru, shupaza na pau. Kila moja peke yake linaweza kubishaniwa. Yakikaa pamoja hayana ubishi, kwa sababu Kireno kina copas, ouros, espadas na paus, aina zilezile nne za karata. Turufu ni trunfo, na karata yenyewe ni carta. Baharini utakuta fungu la Kiajemi: nahodha, bandari, na darubini, ambayo ni dur, mbali, na bin, kuona. Gari, dobi, bima, laki, gunia na chapati zilikuja na wafanyabiashara na mafundi wa Kihindi. Gari haina uhusiano na car ya Kiingereza, hata kama zinafanana na zote mbili zina magurudumu.

Fungu pia hupima kina cha mguso. Wareno walikaa pwani karibu miaka 200, na walichotuachia ni vitu vya kushika: meza, kasha, foronya, bendera, bomba, parafujo, leso. Kiarabu kilituachia vitu na mawazo, lakini pia viungo vya sentensi: lakini, au, wala, bila, ila, kabla, baada. Hakuna anayekopa lakini sokoni kwa siku moja. Viungo hupita pale watu wanapoishi nyumba moja, wakaoana, wakasoma chuo kimoja, vizazi kwa vizazi. Hata hesabu imebeba mguso huo. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu, nane ni yetu, na kabla yake tulikuwa na tandatu, fungate na kenda. Fungate imebaki katika siku saba za arusi, na kenda wazee bado wanaisema. Katika siku za wiki tunazo tano mbili zilizofuatana: Jumatano ni ya tano ukianza kuhesabu Jumamosi, na Alhamisi ni ya tano kwa Kiarabu, ukianza Jumapili.

Kuhusu maana nitasema kwa mkazo: chanzo hakina haki ya kusahihisha matumizi. Kuna tabia ya kumwambia mtu kwamba "maana sahihi" ya neno ni ile ya Kiarabu. Fasihi kwa Kiarabu ni sifa ya msemaji mwenye ufasaha. Kwa Kiswahili ni sanaa ya lugha, ile ambayo Waarabu huiita adab. Na adab yao kwetu ni adabu, tabia njema. Mwanafunzi wa Oman na mwanafunzi wa Dodoma wakizungumza kuhusu maneno haya mawili hawataelewana mpaka mmoja awe na kamusi. Malaika kwa Kiarabu ni wengi, mmoja ni malak. Kwetu malaika anaweza kuwa mmoja. Karibu ilikuwa mahali pa karibu, na bado ndivyo, lakini pia ndiyo neno la kumfungulia mgeni mlango. Hakuna lililokosewa. Lugha iliyopokea ndiyo mwenye mali.

Mabadiliko ya maana yana sababu zake, na sababu hizo mara nyingi ni historia yenyewe. Gereza ni igreja, kanisa kwa Kireno. Kamusi za kale za Kiswahili hulipa neno gereza maana ya ngome pamoja na kifungo, na hapo kanisa la ndani ya ngome, ngome yenyewe, na jela zinapangika. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, ilitumiwa na Waingereza kama jela tangu 1895 hadi 1958. Kuwa makini tu na tarehe: neno lilikuwa na maana ya kifungo kabla ya Waingereza, kwa hiyo jela yao haiwezi kuwa ndiyo iliyoizaa. Bepari kwa Kigujarati ni mfanyabiashara wa kawaida. Likawa mwenye mtaji anayewanyonya wengine, na siasa za Ujamaa baada ya Azimio la Arusha la 1967 zikaikaza maana hiyo hata ile ya kwanza ikasahaulika. Meli ilikuwa mail, barua, kwa sababu ndiyo iliyobebwa na vyombo vya mvuke. Sasa ni chombo chochote kikubwa cha baharini. Manowari ni man-of-war. Merikani ni kitambaa cha pamba kilicholetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ambao biashara yao ilipewa nguvu na mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said. Na leso, ambayo kwa Kireno ni kitambaa cha mkononi, Mombasa ni vazi zima la mwanamke, lile ambalo Dar es Salaam huitwa kanga. Bara imebaki kitambaa cha kufutia uso. Ukiandika maana moja tu ya leso, umewakosea nusu ya wasomaji wako.

Angalia pia maneno mawili yaliyokutana katika umbo moja. Dola ya "vyombo vya dola" ni dawla ya Kiarabu. Dola ya kubadilisha benki ni dollar. Meza ya kulia ni ya Kireno, meza dawa ni kitenzi cha Kibantu. Kopa ya karata na kopa ya deni ndivyo hivyohivyo. Kila moja lipewe ingizo lake lenye nambari, kwa sababu wakichanganywa mtu atakuja kutunga kisa cha kuwaunganisha, na visa vya namna hiyo vikishachapishwa haviondoki.

Ingizo lenyewe liwe fupi. Taja lugha iliyotukopesha mara ya mwisho, umbo lake huko na maana yake huko, umbo kongwe zaidi la Kiswahili ulilolishuhudia pamoja na mwaka na mahali, kisha kilichobadilika. Maelezo ya watu, kama yapo, yaandike mbali na asili, ukiyaita maelezo ya watu. Divai, kwa mfano: Kifaransa du vin, "ya mvinyo", ambapo neno dogo du limemezwa pamoja na nomino, kama al- ilivyomezwa katika alasiri na alfajiri, na irabu ya puani ya mwisho imepokewa kama ai. Mwenzake mvinyo umetoka kwa vinho ya Kireno, ukapewa m- na kuingia ngeli ya m-/mi-. Asili yao ya mbali ni moja, vinum ya Kilatini, lakini waliingia kwa milango miwili, kwa hiyo ni maingizo mawili, na kila moja limrejeshe msomaji kwa mwenzake.